Umeme wa Kushuka

Jumatatu, 8 Septemba

Leo limeletwa sanduku. Kubwa, urefu wa kabati la nguo, rangi ya kijivu, limefungwa kufuli. Kwa nini kufuli? Kuna nini humo cha kufichwa? Limepandishwa mpaka chumba cha mashine, juu kabisa, kwa lifti yangu. Nasema yangu kwa haki. Mimi, Mathias Ngollo, nimekaa ndani ya lifti hii miaka mitatu, juu ya stuli, nabonyeza namba. Jengo la Asali, ghorofa saba, katikati ya Tabora. Hakuna anayepanda humu bila mimi kujua anakwenda kwa nani na kafuata nini.

Sanduku limekuja na injinia kutoka Dar, binti anaitwa Yasmini. Kofia ngumu kichwani hata akiwa ndani. Ametueleza kwamba lifti ikishuka imejaa watu, mota haivuti. Inazuia, watu wasiporomoke. Kule kuzuia kunazaa umeme. Siku zote umeme huo ulipelekwa kwenye kichanja cha vyuma kilichomo chumba cha mashine, ukageuka joto, ukapotea bure. Sasa utaingia kwenye sanduku na kutunzwa. Umeme wa mjini ukikatika, sanduku litaishusha lifti polepole na kuwasha taa za ngazi.

Ukapotea bure! Nani kasema? Miaka mitatu napasha chakula changu juu ya vile vyuma. Ndio utamu wa kazi hii. Leo saa saba nimeweka bakuli langu la maharage, nikasubiri nusu saa, nikala baridi. Wamenichukulia joto langu na hakuna aliyeniomba radhi.

Jioni Bi Mwanne katuita. Huyu ndiye mwenye jengo, mjane wa mtaa wa Isevya aliyetajirika kwa asali na nta. Katuita mimi na Shaban, mtu wa jenereta. Kasema jenereta inauzwa. Kasema pia watu wana vidole vyao, wanaweza kubonyeza namba wenyewe. Kwa hiyo kazi mbili zinakufa, inabaki moja: mtunza mtambo. Jumamosi ya tarehe 20 atazima swichi kubwa aone mambo kwa macho yake. Atakayekuwa ameuelewa mtambo atabaki. Mwingine ataagwa na ndoo ya asali.

Miaka mitatu! Ndoo moja!

Shaban kaitikia inshallah kwa sauti ya chini mno. Mtu mwenye nia safi anasikika.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemweleza mke wangu, Veneranda, wakati wa chai. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Kasema Dafrosa wetu ana mtihani wa kidato cha nne Novemba. Kasema kishamba chetu cha kijijini Ntalikwa hakijawahi kutulisha mwaka mzima. Kasema bila mshahara wangu hajui tutakula nini kuanzia Oktoba. Kisha kaniomba kitu kimoja tu: nisilete ujanja. Nisikilize ninachoelezwa, nifanye ninachoelezwa. Nimekubali kwa moyo wangu wote.

Nimeanza leo leo. Nimemfuata Yasmini juu, tukaulizana kwetu. Kumbe Mzaramo wa Kisarawe! Mtani wangu kabisa! Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, mababu zetu walipobeba pembe na nta kwa miguu hadi pwani, wakawakuta mababu zake wamekaa wanasubiri. Nimemwambia hivyo. Naye kasema mababu zangu walifika huko wamechakaa hata majina yao hawayakumbuki, wakapewa maji na mababu zake ndipo wakakumbuka. Kisha kaichukua stuli yangu, kaikalia. Mtani akishachukua huna la kusema. Nimesimama kutwa.

Lakini kanipa siri. Tena kwa uso mkavu, jicho halitikisiki. Kasema mtambo huu una akili, na kila asubuhi uamkiwe shikamoo kabla ya kazi. Bila hivyo haushiki umeme. Nimemshukuru sana. Shaban hakuwepo. Ashindwe na alegee.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeuamkia. Kimya. Yasmini alinionya kwamba hauitikii mpaka uzoee mtu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeuamkia mara mbili, ya pili nikiwa nimekunja goti kidogo, kikwetu. Mara nikasikia marahaba nyuma yangu. Shaban! Kasimama mlangoni na daftari lake la mistari, mashavu yamemvimba kwa kicheko. Kufika saa nne jengo zima linajua. Wakili wa ghorofa ya nne kaingia kwenye lifti, kaiamkia lifti, kashuka anajipiga mapaja. Hata Bi Mwanne kaniuliza mtambo umeamkaje.

Nimeumia. Naandika wazi, nimeumia. Lakini nimekaa chini nikafikiri, na nimegundua jambo ambalo Shaban hatalijua mpaka afe. Mtani akikwambia kitu kwa uso mkavu, anakudanganya. Akikwambia kwa kicheko, ujue ukweli umemponyoka na anaufunika. Ndiyo kanuni. Uso mkavu, uongo. Kicheko, ukweli. Mimi sidanganyiki tena.

Ijumaa, 12 Septemba

Kanuni imelipa siku ya kwanza!

Nimemkuta Yasmini anatafuna michembe yangu ya viazi vikavu, kaitoa mwenyewe kwenye mfuko wangu wa koti. Sawa, mtani. Nikamuuliza kijanja tu, kama mtu asiye na haja, sanduku hujazwaje upesi. Kacheka mpaka kapaliwa na kiazi. Kasema uzito ukishuka ndio umeme, basi sisi Wanyamwezi tujipange mstari kama mababu zetu, tubebe mizigo kwa ngazi mpaka juu, tushuke nayo kwa lifti, tupande tena kwa ngazi, na tutawasha taa mpaka Nzega. Kajifuta machozi, kacheka upya, kasema nisimsikilize.

Nisimsikilize! Kwa nini aseme hivyo, kama si kweli?

Nimejitia hamnazo. Nimetazama pembeni, nikapiga mwayo. Sanduku lina kioo kidogo chenye vipande vitano vya kijani, vya kuonyesha umeme uliomo. Leo kinawaka kimoja tu.

Jumamosi, 13 Septemba

Jaribio. Yule wakili wa ghorofa ya nne, Wakili Revocatus, ni mtu wa kilo mia na ushee. Nimempakia pamoja na wateja wake watano, nikawashusha, halafu nikakimbia kwa ngazi mpaka juu kutazama kioo. Kipande cha pili kinapepesa! Nikashuka mbio, nikamwomba wakili apande kwa miguu ili nimshushe tena. Kakataa. Nikamwambia ni kwa faida ya mwili wake. Kanuna.

Basi nimebandika karatasi kila ghorofa: LIFTI INASHUSHA TU, HAIPANDISHI. Haikupita saa moja, wagonjwa wa zahanati ya ghorofa ya tatu wakanijia juu. Mama mmoja mjamzito kanitukana kwa Kinyamwezi, tena kile cha kwetu Ntalikwa kisicho na tafsiri. Bi Mwanne kabandua karatasi kwa mkono wake, kaniuliza kama nina homa. Nani alimwita? Shaban alionekana karibu na simu. Sisemi zaidi.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa nimekwenda Ntalikwa kwa shemeji yangu Kulwa, kaka wa Veneranda. Ni mkulima, na kiangazi hiki anasubiri mvua tu. Nimemwambia nataka wanaume sita wenye mabega, yeye akiwemo. Malipo? Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupanda lifti. Basi kila mzigo utakaopanda kwa ngazi, safari moja ya kushuka kwa lifti, bure. Wamepiga vigelegele. Mzee mmoja kauliza kama anaweza kuja na mkewe.

Kulwa peke yake hakushangilia. Kauliza kama injinia anajua. Nimemwambia wazo ni la injinia mwenyewe, na huo si uongo. Kauliza kama Bi Mwanne anajua. Nimemwambia atajua kwa wakati wake. Kauliza kama dada yake anajua. Maswali gani haya? Mtu unampa lifti ya bure anakuhoji kama hakimu. Nitamtazama kwa jicho la tatu huyu.

Jumatatu, 15 Septemba

Mungu yupo upande wangu. Bi Mwanne kaenda Sikonge kununua asali, anarudi Jumamosi. Yasmini kaenda Kahama siku mbili kukagua jengo lingine. Na ufunguo wa stoo ya chini ninao mimi.

Stooni kuna asali na kuna nta. Asali nimeiogopa, inamwagika. Nta haimwagiki. Madonge makubwa ya manjano, mtu mmoja donge moja, zito la kutosha. Wanaume wametokea saa mbili kasoro. Wakabeba. Hawajafika ghorofa ya pili wimbo ukaanza wenyewe, mmoja anatoa, wengine wanapokea, miguu inapiga ngazi sawasawa. Nilisimama chini nikasikiliza. Babu yake babu yangu alitembea hivi hadi Bagamoyo. Machozi yalinitoka, sikuyazuia.

Zahanati wametuma muuguzi kuuliza kelele za nini. Nimemwambia ni kwaya inafanya mazoezi. Kauliza kwaya gani inabeba nta.

Tukafika juu, tukaingia ndani ya lifti na madonge yetu, tukashuka. Wanaume walishikana mikono. Mmoja alifumba macho. Wakataka tena. Kufika saa tisa vipande viwili vinawaka kwa nguvu, na cha tatu kinapepesa. Shaban yuko pale pale kwenye benchi na daftari. Hajabeba hata kalamu ya pili.

Jumatano, 17 Septemba

Yasmini karudi. Katukuta tunatoka kwenye lifti, watu sita na nta. Uso ukamkauka pale pale. Nilijua tu kwamba uongo unakuja, nikajiandaa.

Kaanza kwa kusema yale maneno ya Ijumaa yalikuwa utani. Nimetabasamu. Kasema sanduku hujaa lenyewe kwa watu wa kila siku, halihitaji kubebewa kitu. Nimetabasamu. Kisha kasema lifti ikipanda tupu nayo inazaa umeme, eti kwa sababu upande wa pili wa kamba kunaning'inia machuma mazito kuliko lifti tupu, kwa hiyo lifti ikipanda, machuma ndiyo yanashuka. Kitu kipande juu kitoe umeme! Hapo nimecheka kwa sauti. Nimekaa kwenye lifti hii miaka mitatu, hayo machuma hayajawahi kunisalimia.

Mwisho katupandisha chumba cha mashine. Nta ya ziada tulikuwa tumeipanga pale, juu ya kile kichanja cha vyuma, karibu madonge kumi, ili asubuhi tusiyabebe yote tangu chini. Pamekaa vizuri, ni rafu tosha. Yasmini kashika kichwa. Kasema sanduku likijaa, umeme unaozidi hauna pa kwenda, unarudi kwenye vyuma vile vile vya zamani, na vitawaka moto. Niondoe nta yote leo hii. Uso mkavu! Mkavu kuliko siku ya shikamoo! Vyuma vya baridi tangu wiki iliyopita, nimevishika kwa kiganja changu mwenyewe. Hivyo vimekufa. Alinichukulia joto langu, sasa ananitisha kwa joto hilo hilo. Kaniona bwege.

Shaban kaandika kila neno, nadhani na kikohozi kaandika. Kulwa naye kauliza kama yale machuma ya upande wa pili yana uzito wa lifti pamoja na nusu ya watu wake. Yasmini kageuka, kamtazama vizuri, kamuuliza kasoma wapi. Kulwa kasema hajasoma, ila kisimani kwao ndoo hufungiwa jiwe upande wa pili wa kamba. Wakaenda pamoja kuyaona. Wamekaa huko robo saa. Shaban na Kulwa wote wametiwa kamba, maskini.

Jioni nimeifunika nta kwa turubai. Nimemwambia Yasmini nimeiondoa. Kanishukuru.

Ijumaa, 19 Septemba

Vitano! Vipande vyote vitano! Kijani kitupu!

Nimewaita wanaume wote waone. Tumepiga makofi. Kulwa kasema, basi kama limejaa tuishie hapo, umeme wa kesho utakwenda wapi. Nimemwambia akafunge mdomo wake na kamba ya kisimani.

Shaban wiki nzima kakaa tu. Anaomba ruhusa kushika kila swichi. Leo Yasmini alikuwa anamfundisha kufungua mlango wa lifti kwa mkono ikikwama katikati ya ghorofa. Kafanya zoezi mara kumi. Mara kumi! Nilitaka kumwonea huruma.

Nyumbani Veneranda kauliza mambo yanakwendaje. Nimemwambia nimefanya kama injinia alivyosema, neno kwa neno. Kafurahi mpaka kanishika mkono mbele ya Dafrosa. Kapika wali na nyama, siku ya kawaida. Nikaona haya kidogo, sijui kwa nini. Labda ni pilipili.

Jumamosi, 20 Septemba

Nitaandika ninavyoweza.

Bi Mwanne karudi asubuhi, amejifunga mtandio mpya mweupe. Kabla ya kuzima swichi nikataka kumfurahisha. Nikawapa ishara wanaume. Wakapanda na kushuka, wakapanda na kushuka, safari nane, wimbo juu. Bi Mwanne kauliza hawa ni nani na nta yake inakwenda wapi. Nimemwambia asubiri, ataona maajabu.

Harufu ya asali ikaanza kusikika. Tamu, ya mzinga mpya. Wakili Revocatus akavuta pumzi, akasifu. Watu wakadhani ni mapambo ya siku. Hata mimi nilidhani hivyo, Mungu anisamehe.

Tukaingia kwenye lifti ghorofa ya saba. Bi Mwanne, mimi, wakili, Kulwa, na wanaume wengine wanne. Shaban akabaki ghorofa ya pili, Yasmini chini kwenye swichi kubwa. Bi Mwanne akapiga simu, akasema zima. Giza. Halafu taa ikawaka! Lifti ikashuka, polepole, laini kabisa! Umeme wetu! Ngazi zetu! Mabega yetu! Bi Mwanne akanigeukia akasema, kwa sauti ya upole, kwamba Mathias, kumbe. Hakumaliza. Lakini nililisikia lile kumbe. Nilikuwa mtunza mtambo kwa ghorofa tatu nzima.

Kufika ghorofa ya nne kikadondoka kitu kwenye mtandio mweupe. Tone la manjano. Akatazama juu. La pili likampata kwenye paji la uso. Kisha ikawa mvua. Inatoka kwenye tundu la feni, ya moto, inanata, inanukia vizuri. Bi Mwanne akapiga kelele, wakili akajificha nyuma ya Kulwa, mimi nikajificha nyuma ya wakili. Nta yote ya kwenye vyuma imeyeyuka, imepita kwenye matundu ya kamba, ikatuangukia. Lifti ikasimama yenyewe, nusu ghorofa ya tatu, nusu ya pili.

Kulwa akawa ananiambia kitu kuhusu umeme usio na pa kwenda. Sikutaka kusikia.

Mlango ukafunguka. Shaban! Daftari kwapani. Kaufungua kwa mkono, kwa zoezi la kumi na moja, kamtoa Bi Mwanne kwanza, kamshika kama mama yake mzazi. Nta ilikuwa imeshaanza kumgandia kwenye nyusi.

Hakunikemea. Kashuka ngazi akibandua nta kwenye mtandio. Bora angenikemea.

Jumatatu, 22 Septemba

Kazi kapewa Shaban. Mimi nimepewa ndoo, na si ya asali. Ya kukwangulia nta. Siku tatu, chumba cha mashine, kamba, paa la lifti, kisha kwaheri.

Nimemweleza Veneranda. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Kisha kakaa sakafuni, siyo kwenye kiti, akalia bila sauti. Dafrosa katoka nje. Nilitaka kumshika bega, nikakumbuka mikono yangu inanata.

Mchana Yasmini kaja juu nilikokuwa nakwangua. Kavua kofia. Kaniomba radhi. Kasema yeye ndiye aliyeanza na utani wa mizigo na wa shikamoo, hakujua ningeuchukua hivyo, na roho inamuuma. Kasema lile jengo la Kahama nalo litafungwa mtambo kama huu. Wanahitaji mtu wa kukaa nao, kazi ya kudumu, na mafunzo watampa wao. Mimi naijua lifti kwa sikio kuliko watu wengi aliowaona, kwa hiyo ataniombea. Kanipa karatasi yenye namba. Nipige kabla ya Ijumaa, niseme nimetumwa na yeye.

Nimemtazama. Uso mkavu. Hata macho yamelowa, kweli kaiva huyu! Na zaidi ya yote, kaomba radhi. Wapi umeona mtani anaomba radhi? Tangu dunia iumbwe! Mzaramo akimwomba Mnyamwezi radhi, shika mfuko wako. Nipande basi mpaka Kahama na nguo zangu, nifike watu wa huko waniulize kama nimeziamkia ngazi? Thubutu! Nimecheka, nikamwambia hapa kagonga mwamba. Nikaifinyanga karatasi, nikaitupa ndooni kwenye nta.

Kulwa alikuwa ananisaidia kukwangua. Kauliza kama naitaka tena ile karatasi. Nimemwambia aichukue asokotee tumbaku.

Yasmini kaondoka kuelekea stendi. Nimemsindikiza, utani haununiwi. Pale mlangoni pa basi ndipo akarudiwa na moyo wake. Kanitazama nilivyo na nta masikioni, kaangua kicheko. Kasema Dar kuna maghorofa ya thelathini, Mnyamwezi mmoja mnene angeajiriwa huko kwa kushuka tu. Kacheka mpaka kondakta kamsukuma ndani.

Kwa kushuka tu! Nimesimama stendi mpaka basi limepotea.

Jumapili, 28 Septemba

Kulwa yuko Kahama. Ndiyo, aliikwangua nta kwenye karatasi, akapiga namba. Alhamisi kaondoka na begi la mkopo. Leo katuma picha kwa simu: shati la bluu, kofia ngumu, kitambulisho shingoni, nyuma yake sanduku la kijivu. Veneranda kaitazama picha hiyo muda mrefu sana. Nimemwambia shati ni la kuazima na kaka yake atarudi analia kabla ya mvua. Namhurumia kwa kweli. Nilimwonya.

Shaban naye nimempita leo nje ya Jengo la Asali. Kaniamkia kwa heshima, kanikaribisha chai. Ana lake jambo. Sikunywa.

Mimi nina mpango, na safari hii sijamwambia mtu. Kuna mizani pale dukani kwa muuza nafaka. Nilikuwa kilo sitini na nane Jumanne. Leo sabini kamili, na nikiwa sijavaa koti. Nikifika mia, napanda treni ya Dar. Kila mlo nala mara mbili ya zamani, na baada ya mlo silali, nakaa tu, ili uzito usiyeyuke. Nimeacha hata kutembea kwenda kanisani.

Jioni nimeomba ugali uongezwe. Veneranda kasema unga umekwisha tangu jana, na nilichokula mchana kilikuwa cha Dafrosa. Kasimama mlangoni na mwiko mkavu mkononi, hakucheka hata kidogo. Basi nimecheka mimi kwa niaba yake. Nikanawa mikono, nikakaa mezani, nikasubiri.